Barua ya Chumba cha Tano

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, haya ndiyo niliyokwisha kuyakiri. Miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, nilificha barua tatu ambazo shemeji yangu alimwandikia dada yangu kutoka machimboni alikokwenda kutafuta kazi. Dada akaamini ametupwa. Ndoa ikafa. Mimi nikamaliza shule, nikawa mbunifu wa majukwaa, na mwaka huu nikapewa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kubuni sehemu ya usiku wa manane kwenye tamasha la muziki. Nilipokosa hadithi ya kuweka mle, nikaichukua ya dada.

Nikaijenga. Na nilipokuwa nimeshamaliza, kila ubao mahali pake, Meneja wa tamasha akaniletea mshonaji mpya wa mavazi. Gari likasimama, mlango ukafunguliwa, akashuka dada yangu na cherehani yake.

Hapo ndipo nilipowaachia. Anayetaka kunilaani asubiri kidogo, maana pabaya hasa sijapafika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma kabisa ya uwanja wa tamasha nilijenga nyumba ya kupanga ya vyumba saba, yote ya mbao nyembamba zilizofungwa kwenye vyuma vya wajenzi. Jukwaa kuu likizimwa saa sita usiku, wasiotaka kulala wanakuja kwetu. Wanaingia ishirini ishirini. Mlangoni wanaambiwa jambo moja tu: ndani ya nyumba hii yupo mwanamke anayengoja barua, na yupo mtu anayezificha. Watembee watakavyo, wafungue makabati, wawasikilize wapangaji wakigombana, wamtafute huyo mtu.

Kuta nilizipaka maji ya chai zionekane za zamani. Spika niliificha ndani ya kabati ili redio ya jirani isikike upande wa pili wa ukuta. Na aliyeficha barua nilimfanya mwenye nyumba, mzee mmoja mwenye tumbo na funguo nyingi kiunoni. Nilijua wageni watamchukia bila kuumiza kichwa.

Kumbe nilikuwa najijengea mtego, na vipimo nilivichukua mwenyewe.

Dada yangu ana miaka arobaini na saba. Ameshona sare za viwandani, ameshona nguo za maharusi wa watu, na kwa miaka yote hiyo amemwogesha Mama na kumlisha, kwani kiharusi kilimlaza Mama upande mmoja hata kabla shemeji hajaondoka. Meneja alimpata kwa sababu yangu. Mshonaji wa kwanza alipoondoka ghafla, Meneja akakumbuka kuwa niliwahi kujisifu mbele yake kwamba hakuna anayeshona kama dada yangu. Mdomo wangu ndio ulionichongea.

Asubuhi ile alinikumbatia, akasema nimekonda, akaniuliza kama nakula. Kisha akauliza mchezo wetu unahusu nini, apate kujua nguo za kuandaa. Nikamwambia unahusu mpangaji aliyepoteza ufunguo. Uongo huo ulitoka laini, nikajishangaa.

Meneja alipotaka kumpa maandishi ya mchezo, nikawahi kusema kwamba mshonaji anahitaji vipimo tu, tusimchoshe na karatasi. Nikamtafutia hema la mavazi, mbali na nyumba. Nikampelekea chai mwenyewe. Kila alipoinuka kunyoosha miguu nilizuka na kibegi cha vifungo au shati la kupunguza. Wafanyakazi wakasema kweli mimi nampenda dada yangu.

Kufika jioni nilikuwa nimeanza kupumua. Nilipanga alfajiri nimtafutie gari la kumrudisha nyumbani kabla hajazunguka kuona chochote.

Saa sita na dakika chache, kundi la kwanza likiwa limeshaingia, nikapita stoo kumshukuru mtunza vifaa. Huyu tulimwita Bi Kabati, kwa kuwa ukimwomba kitu chochote duniani anacho. Yeye ndiye aliyejaza vyumba vyote saba: sufuria, viatu, picha za harusi za watu asiowajua, na barua arobaini nilizoziandika mwenyewe kwa mkono ili ziwekwe kwenye madroo.

Alikuwa amekaa juu ya sanduku, anajipepea na kipande cha boksi. Akanisifia barua zangu.

“Lakini ile moja umeizeesha kuliko zote,” akasema. “Mpaka mikunjo yake. Uliifanyaje?”

Nikamuuliza ipi.

“Ile inayoanza ‘Kwako Sindano.’ Niliikuta imechomoza kwenye bahasha ya kaki mezani kwako, nikajua umesahau kunipa. Nimeiweka droo ya chumba cha tano, juu kabisa.”



Sindano ni jina alilokuwa akiitwa dada na mtu mmoja tu, mumewe. Na mimi sikuandika barua yoyote yenye jina hilo.

Mtaniuliza barua za kweli zilifuata nini kazini. Nawajibu. Miaka yote hiyo nilishindwa kuzichoma, na nilishindwa kuziacha mahali mtu mwingine angeweza kuzikuta, kwa hiyo zilikuwa zinatembea nami kwenye mkoba wa michoro. Na safari hii nilikuwa nimezitoa mezani ili niige mwandiko wa shemeji. Hilo la mwisho ndilo linaloniaibisha zaidi.

Nikakimbilia mezani kwangu. Bahasha ilikuwepo. Ndani mlikuwa na barua mbili. Ya tatu haikuwemo.

Sheria ya nyumba ile niliitunga mimi: wageni wakiwa ndani, hakuna mfanyakazi kukanyaga chumba. Hadithi isikatike. Nilikuwa nimeirudia sheria hiyo hadi watu wakaanza kuniigiza. Kwa hiyo nikapita ujia wa nyuma, ule mwembamba uliobaki kati ya kuta za mbao na turubai la nje, ambao unaupita kwa ubavu huku umebana pumzi. Nilihesabu vyumba kwa kupapasa misumari. Nilifika usawa wa cha tano.

Mtu alikuwa ameshanitangulia.

Dada alikuwa amepiga magoti gizani, tochi ndogo ameibana kwa meno, mikono yake miwili imepenya chini ya pazia la dirisha refu linaloshuka karibu na sakafu. Anashona.

Nilielewa baadaye kilichotokea. Mwigizaji wetu wa chumba cha tano, mwanamke tuliyempa jina la Kasuku kwa jinsi anavyokariri, alikuwa amekwaruzwa na msumari, gauni likachanika pindo hadi pajani dakika mbili kabla wageni hawajamfikia. Meneja akamtuma mshonaji mbio. Kasuku hakuweza kutoka, kwa kuwa wageni walikuwa tayari mlangoni, basi akasimama kuliegemea dirisha kwa mgongo kana kwamba amechoka kungoja, na dada akawa anamshona kwa nyuma, ng'ambo ya pazia, bila mgeni hata mmoja kujua.

Dada aliponiona alinikonyeza. Alikuwa anafurahi. Kazi ya namna ile ilikuwa inamkumbusha ujana.

Nikamshika bega, nikamwonyesha kwa ishara kwamba atoke, mimi nitamalizia. Akatikisa kichwa. Mimi hata kushona kifungo sijui, na yeye anajua kwamba sijui.

Kupitia tundu la msumari nikawaona wageni. Walikuwa wametulia, wengine wamekaa sakafuni. Kasuku akanyoosha mkono, akafungua droo, akachukua karatasi ya juu. Maandishi aliyoyakariri yalikuwa mafupi, mistari minne tu niliyoitunga mwenyewe. Nilimwona akiitazama karatasi, akasita. Niliomba moyoni airudishe. Lakini mwigizaji mzuri akipewa kitu bora mbele ya watu hakirudishi.

Akasoma.

“Kwako Sindano. Hii ni ya tatu, na naiandika kana kwamba zile mbili hazikufika. Nimepata chumba. Mlango wake haufungi vizuri, ila nitaurekebisha kabla hamjafika. Nasema hamjafika, maana nimefikiri, nikaona nilikosea kukuita peke yako. Njooni wote. Mdogo wako, shule ipo, robo saa kwa miguu. Mama, nimeuliza hospitali, wanawapokea wenye maradhi kama yake. Vyombo usilete, leta cherehani. Na kama umeshanichoka, niandikie hata neno moja, niache kwenda posta kila Jumamosi.”

Kasuku aliniambia kesho yake kwamba sindano ilimchoma nyuma ya goti, ikatulia kwa muda mrefu, kisha ikaendelea.

Ndivyo ilivyokuwa. Niliona kwa macho yangu. Dada alimaliza pindo lote. Akafunga fundo. Akainama, akakata uzi kwa meno, akapapasa gauni kuhakikisha halijabaki wazi. Tochi ilikuwa imemdondoka na yeye hakuiokota.

Hapa nieleze jambo ambalo kwa wiki zote hizi nimelikwepa, maana linanivua nguo. Barua ya kwanza ilimwita dada peke yake. Nikaificha kwa woga: akienda, nani atabaki na Mama kama si mimi, na shule yangu iishe hapo. Ya pili niliificha kwa sababu ya ile ya kwanza. Ya tatu ilituita sote, haikutaka niache kitu wala mtu. Nikaificha kwa sababu ya zile mbili.

Tulitoka ujiani kwa ubavu, yeye mbele, mimi nyuma. Hatukuweza kusema kitu, wageni walikuwa upande wa pili wa ubao. Akanishika mkono akanivuta hadi nyuma ya jenereta, ambako ngurumo yake inakulazimu kumwekea mtu mdomo sikioni.

Akaniuliza ile barua tumeitoa wapi.

Kabla sijafungua mdomo, redio ya mkononi kiunoni mwangu ikakwaruza. Alikuwa Meneja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka. Akasema kundi la kwanza limetoka linafuta machozi, wawili wameomba kurudia foleni. Akaagiza barua ya chumba cha tano isomwe vilevile kwa kila kundi mpaka kupambazuke. Akanipongeza kwa kuiandika.

Dada aliisikia redio mpaka mwisho. Kisha akaninong'oneza, “Hukuiandika wewe.”

“Hapana, dada.”

Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli kwake juu ya jambo hilo, na liliniponyoka tu.

Akatazama chini. Nilimjua akitazama vile. Anapima, kama anavyoitandika nguo mezani kabla hajaweka mkasi. Nilimwona akirudi nyuma mwaka kwa mwaka. Nikajua anakaribia kufika, na kwamba akifika atanikuta mimi nimesimama pale na ule ufunguo wa sanduku la posta niliokuwa nikiutunza, mkononi. Nilijiambia: sasa. Mwambie sasa, kabla hajajua mwenyewe.

Lakini alipofika, hakunikuta mimi.

“Ulikuwa unamletea Mama,” akasema. “Ufunguo ulikuwa nao wewe, unapita posta ukitoka shule, na chochote ukikuta ulikuwa unampa Mama. Ndivyo tulivyofundishwa. Mama ndiye aliyeziweka. Sivyo?”

Niliitazama redio kiunoni mwangu.

“Ulikuwa mtoto, mdogo wangu. Ukazikuta ukubwani, ukashindwa kuniambia. Ukaona afadhali uzijengee nyumba.”

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Ni mimi, dada. Mtoto anayejifunza kusoma angeweza kukisema. Nilikuwa nacho hapa kooni.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Dada akanikumbatia. Akanishika kisogo kama alivyokuwa akinishika nikiwa na homa, akaniambia pole kwa kubeba mzigo ule peke yangu. Nililia, na yeye akadhani analijua ninalolilia. Nimefanya mabaya katika hadithi hii na nimeyasema yote hadharani, lakini kama mtanihukumu kwa moja tu, nihukumuni kwa kile kichwa nilichokitikisa.

Akaniachia. Akatoa simu mfukoni mwa aproni.

Nikamwambia usiku umekwenda, Mama ni mgonjwa, tungoje tufike nyumbani tuyazungumze kwa utaratibu. Nilisema mengi, mbio mbio. Akanitazama kwa huruma.

“Mama halali saa hizi,” akasema. “Mimi ndiye ninayejua anapolala na anapoamka.”

Tukaingia hema la mavazi, ambako ngurumo inapungua. Akasogeza kitambaa cha gauni, akaiweka simu juu ya meza, kando ya cherehani, akawasha sauti ya nje. Jirani aliyeachiwa Mama ndiye aliyepokea. Dada akamwomba amwekee Mama simu sikioni, kisha atoke nje kidogo.

Tukasikia mlango. Tukasikia pumzi ya Mama.

Tangu augue, Mama huzungumza polepole, neno moja moja, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Dada hakumsalimu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza na Mama bila kumsalimu.

“Mama, barua za mume wangu. Zilikuja tatu. Ni wewe uliyezificha?”

Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya meza. Nilijua kinachofuata. Mama atasema barua gani, nami nitakuwa nimeisha, na sikuwa hata na haki ya kukasirika. Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa tayari. Naapa kwamba safari hii nilikuwa tayari.

Dada aliiangalia simu kuona kama imekatika.

“Ni mimi,” akasema Mama.

Dada akakaa. Hakuanguka, hakupiga kelele, alikaa tu kwenye kiti cha cherehani na kuweka viganja vyake juu ya mapaja. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kesho harudi nyumbani. Akasema miaka ishirini na miwili inatosha, na kwamba Mama atafutiwe mtu mwingine wa kumwogesha.

“Sawa,” akasema Mama. “Mdogo wako yupo hapo?”

Dada akasema yupo.

“Zima hiyo sauti ya nje. Mpe.”

Dada akazima sauti ya nje, akanipa simu bila kunitazama. Nikaibana sikioni kwa mikono miwili. Nilitaka kumuuliza Mama kwa nini amesema vile, amejuaje, na kumwomba asinifanyie hivyo. Hakunipa nafasi.

“Anasikia?” akaniuliza.

“Hapana, Mama.”

“Basi sikiliza, usijibu kitu. Nilikuona tangu ile ya kwanza, ukiificha chini ya godoro. Sikukusema, maana hata mimi nilitaka abaki.”

Dada alikuwa ameanza kukunja gauni lililokuwa mezani. Analikunja, analikunjua.

“Wewe ulificha tatu,” Mama akaendelea. “Mimi ninayo ya nne. Hiyo shemeji yako hakuituma. Aliileta mwenyewe, mchana, wewe uko shule na dada yako yuko kiwandani. Alisimama mlangoni kama mgeni. Nikamwambia mke wake ameshapata mume mwingine. Akasema sawa, lakini nimpe tu barua yake. Akaniachia.”

Nikamsikia akimeza mate, kwa shida, upande ule mmoja.

“Sijaifungua mpaka leo. Niliishonea mwenyewe, kwa mkono huu mzima, ndani ya mto ninaolalia. Dada yako hubadilisha foronya yake kila Ijumaa.”

Ndipo dada alipoacha kukunja. Alinitazama usoni, na sijui uso wangu ulikuwa umefanya nini, kwa sababu alisimama.

“Anasemaje?” akauliza.

Akanyoosha mkono achukue simu. Mama alikuwa bado anazungumza.